Kuuza pikapu ya zamani iliyokarabatiwa nusu bila kuharibu sura yake ya asili: mwongozo kamili

Rangi mpya hununuliwa wakati wowote. Rangi ya kiwandani iliyopaushwa na jua la miaka 60, ikalika kwa mvua juu ya paa, ikang'aa pale dirishani dereva alipokuwa akiegemeza kiwiko, ikishaondolewa hairudi. Hiyo ndiyo patina, na ndiyo sababu pikapu inayoonekana chakavu kwa jirani humvutia mnunuzi anayejua kuliko ile iliyopigwa rangi juzi. Anachonunua ni ushahidi: kwamba bati ni lile lile la mwanzo, kwamba hakuna puti (uji mgumu wa kuzibia mabonde na matundu ya bati) iliyofichwa, kwamba milango na fenda zilitoka kiwandani pamoja.

Pikapu iliyokarabatiwa nusu ina ugumu wake wa ziada. Mnunuzi hajui kilichofanyika, aliyefanya, wala sababu ya kazi kuishia njiani. Asipopewa majibu hujijibu mwenyewe, na majibu anayojipa siku zote hushusha bei. Kwa hiyo una kazi mbili tangu leo hadi siku ya kukabidhi funguo: kuulinda ushahidi huo, na kujibu maswali kabla hayajaulizwa.

Pima kwanza unachouza

Tenga nusu siku, mchana, gari likiwa kavu. Andaa tochi, sumaku ndogo, bisibisi kuukuu, jeki, stendi nne na daftari. Ukiweza kuazima kipima unene wa rangi, kiazime. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake hata kwa dakika moja.

Anza na kutu, na uzitenganishe kwa majina kwenye daftari lako. Kuna kutu ya juu juu, ile ya rangi ya kahawia iliyotanda mahali rangi ilipoisha. Ukiipapasa kwa kidole bati chini yake halina vishimo na ni gumu. Hiyo ni sehemu ya patina na haimwogopeshi mtu. Kuna kutu iliyochimba, yenye vishimo unavyovihisi kwa ukucha. Hiyo inaelezwa kwenye tangazo. Halafu kuna kutu iliyotoboa au iliyobakiza bati jembamba kama karatasi, na hiyo lazima ipigwe picha na kuhesabiwa, tundu kwa tundu.

Kutu mbaya haikai pale inapoonekana. Hukaa mahali maji na vumbi hukutana na hewa isipite: pembe za chini nyuma ya kebini, vizingiti vya milango, sakafu chini ya mkeka, miguu ambayo kebini imekalia juu ya fremu, ukingo wa chini wa milango, na fremu pale majani ya springi yanapofungwa. Chevrolet 3100 na ndugu zake wa GMC za 1947 hadi 1955 huoza mapema kwenye pembe za kebini na kwenye miguu yake. Land Rover Series ni kinyume: sehemu kubwa ya bati la nje ni aluminiamu, sumaku haishiki kabisa, lakini fremu ya chuma na ukuta unaotenganisha injini na dereva huliwa sana. Gonga sehemu hizi kwa kishikio cha bisibisi. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa mlio mfu, na wakati mwingine unga wa kutu humwagika. Kisha bonyeza kwa ncha, kwa nguvu ya mkono tu, tena upande wa chini au wa ndani usioonekana. Usichokonoe rangi ya nje.

Sasa thibitisha kwamba rangi ni ya kiwandani. Linganisha rangi ya nje na maeneo ambayo jua halijawahi kuyafikia: ndani ya kisanduku cha dashibodi, chini ya kiti, nyuma ya bamba la jina la gari, kwenye fremu ya mlango karibu na bawaba. Rangi iwe ile ile, tofauti ikiwa kupauka tu. Kipima unene kikisoma kati ya mikroni (sehemu za elfu za milimita) 80 na 180 karibu sehemu zote, kwa kawaida unaangalia rangi ya mwanzo. Kikipanda hadi 300 pamewahi kupakwa tena, na kikipita 1,000 kuna puti. Kama huna kipima, funika sumaku kwa tepu ili isikwaruze, uipitishe polepole. Pale inapolegea ghafla, weka alama kwenye daftari.

Kuna watu wanaotengeneza patina ya bandia kwa msasa, siki na maji ya chumvi, na wanunuzi wazoefu wamejifunza kuwakamata. Uchakavu wa kweli una sababu. Paa na boneti hupauka kuliko ubavu kwa kuwa jua hupiga juu. Rangi huisha pale kiwiko kilipoegemea, pale kiatu kilipokanyaga kupanda, pale kamba za mizigo zilipopita kwenye ukingo wa bodi ya mizigo. Ukwaruzi usio na sababu, uliotawanyika sawasawa gari zima, hutia shaka. Ukijua kusoma alama hizi kwenye gari lako mwenyewe utaweza kumsomea mnunuzi, na hapo mazungumzo ya bei huwa mepesi.

Kazi za kumaliza na kazi za kuacha

Kanuni tunayoishikilia ni hii: maliza kila kinacholifanya gari liwake, litembee na lisimame, acha kila kinachoonekana. Pikapu inayowaka na kusimama ina wanunuzi wengi, pamoja na wasio mafundi. Isiyowaka ina mafundi peke yao, na fundi hununua kwa bei ya fundi.

Usianze kazi mpya yoyote ambayo huwezi kuimaliza ndani ya wiki moja au mbili. Usipige praima. Praima ya kawaida ina vinyweleo, hunyonya unyevu, na mnunuzi akiona fenda moja ya kijivu katikati ya rangi ya asili anauliza kuna nini chini. Usipake lami nyeusi chini ya gari. Lami mbichi wiki ya mauzo ni sawa na kusema umeficha kitu. Usishone kiti upya, usipake kromu bampa. Mnunuzi ana ladha yake, na pesa uliyotia hapo mara nyingi hairudi.

*Breki ndizo za kwanza.* Pikapu nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1960 zina mzunguko mmoja tu wa breki: bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne yanakosa breki kwa pamoja. Fungua ngoma za breki zote nne. Vuta kidogo vifuniko vya mpira vya silinda za magurudumu. Ukikuta majimaji, silinda inavuja na viatu vya breki huenda vimeshanyonya. Badilisha au karabati silinda zote pamoja na breki masta, kwa sababu ukitengeneza moja, shinikizo lililorudi hupasua dhaifu inayofuata. Badilisha mipira mitatu ya breki, miwili ya mbele na mmoja wa nyuma. Mpira wa zamani huvimba kwa ndani ukawa kama vali, gurudumu likang'ang'ania baada ya kuachia pedali. Kisha toa hewa ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na breki masta. Kama mfumo ulikuwa na mafuta ya DOT 3 au DOT 4, usiongezee DOT 5 ya silikoni, maana hazichanganyiki. Na kumbuka kwamba mafuta ya breki ya kawaida hubambua rangi. Tone moja kwenye fenda yenye patina ni alama ya kudumu, kwa hiyo tandika kitambaa na weka ndoo ya maji karibu.

*Mafuta ya petroli.* Petroli iliyokaa miezi mingi hugeuka na kuacha utandu wa gundi kwenye tangi na kabureta. Ukifungua kifuniko ukasikia harufu ya vanishi, mwaga yote mahali salama. Mulika ndani ya tangi. Kama kuna unga wa kutu, lishushe na ulisafishe, vinginevyo kila filta utakayoweka itaziba siku ya majaribio. Badilisha mipira yote ya mafuta, kwa kuwa petroli ya siku hizi yenye ethanoli hulainisha mpira wa zamani. Funga filta inayoonekana kwa ndani kati ya tangi na pampu. Ni spea ndogo, na mnunuzi akiona petroli safi pale anapata imani.

*Kuamsha injini iliyolala.* Usipige stata mara moja. Toa plagi zote, mimina takriban mililita 5 za oili kila silinda, acha usiku kucha. Asubuhi zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikigoma usilazimishe, tafuta sababu. Badilisha oili na filta, zungusha kwa stata bila plagi hadi geji ya oili ipande, ndipo urudishe plagi. Safisha platini, yaani kikata umeme cha mfumo wa kuwasha plagi, na upime mwanya wake; nyingi hutaka milimita 0.35 hadi 0.5, lakini namba sahihi ni ya kitabu cha gari husika.

Baada ya injini kupata moto, pima mgandamizo, yaani shinikizo ndani ya kila silinda: plagi zote nje, waya wa koili umetolewa, pedali ya mafuta imekanyagwa hadi chini, mizunguko mitano kwa kila silinda. Injini nzima za miaka ya 1940 na 1950 huweza kusoma psi (kipimo cha shinikizo) 100 hadi 140 tu, kwa hiyo usishtuke kwa namba ndogo, tazama tofauti. Silinda ya chini kabisa isipungue asilimia 75 ya ile ya juu. Kama moja iko chini, tia kijiko kimoja cha oili upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Isipopanda, tatizo liko kwenye vali. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, shuku gasketi ya hedi. Andika namba zote kwenye karatasi, hata zile mbaya. Karatasi hiyo ina thamani kuliko sentensi yoyote ya "injini iko poa".

*Umeme.* Bandika lebo inayoonekana karibu na betri: volti ngapi, na upande gani umefungwa kwenye bodi. Malori ya Chevrolet yalihamia volti 12 mwaka 1955 na ya Ford mwaka 1956. Kabla ya hapo ni volti 6, na Ford za wakati ule ziliunganisha chanya kwenye bodi. Land Rover Series ziliendelea na chanya kwenye bodi hadi 1967. Mtu akija na nyaya za kuazimia moto bila kujua hili, huunguza vitu ndani ya sekunde chache. Kama stata ya volti 6 inazunguka kivivu, angalia kwanza unene wa kebo: wengi hufunga kebo za volti 12, ambazo ni nyembamba mno kwa mkondo wa volti 6.

*Tairi.* Tazama tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo wa DOT ulioandikwa ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, tairi ilitengenezwa kabla ya 2000. Tairi ya zaidi ya miaka 10 ichukuliwe ni ya kusukumia gari tu, hata kama meno yote yapo, na useme hivyo kwa maandishi. Kama rimu ni za vipande vinavyofungwa kwa ringi, usizijaze upepo mwenyewe: ringi ikiruka huua. Mpe fundi mwenye kizimba cha chuma cha kujazia tairi upepo.

Kuosha bila kuua ushahidi

Hapa ndipo pikapu nyingi nzuri huharibiwa, tena kwa nia njema, siku mbili kabla ya picha.

Tumia ndoo mbili, maji ya kawaida, sabuni laini ya gari na kitambaa cha nyuzi laini. Anza paa, shuka chini. Usitumie mashine ya maji ya nguvu karibu na sehemu ambayo rangi imenyanyuka, maana ukanda mzima unaweza kubanduka. Ndani ya pembe na mikunjo tumia brashi ya kupakia rangi yenye manyoya laini. Kausha mara moja, fungua milango, acha gari juani saa kadhaa ili maji yatoke vizingitini.

Ukifuta kitambaa kikatoka na rangi ya gari, usiogope. Rangi za zamani za tabaka moja, zisizo na vanishi juu, huacha unga wake kwenye kitambaa. Ni alama nzuri, na inafaa kumwonyesha mnunuzi. Lakini ndiyo sababu pia usitumie polishi yenye chenga: tabaka lililobaki juu ya boneti linaweza kuwa jembamba sana, na dakika mbili za kusugua humaliza kilichobaki. Usikwangue wala kupiga msasa mkavu. Rangi nyingi za enzi hizo zina risasi, na vumbi lake ni sumu.

Angalia milango kwa utulivu kabla ya kuigusa. Pikapu zilikuwa za kazi, na nyingi ziliandikwa jina la shamba, duka au karakana kwa brashi. Hata maandishi yakifutika, kivuli chake hubaki: chini ya herufi rangi haikupauka sawa na pembeni, na ukisimama ubavuni jua likiwa chini unayasoma. Hicho ni kitu ambacho wanunuzi huvuka nchi kukifuata. Kioshe kwa sponji iliyolowa tu, bila kusugua.

Baada ya kukauka, paka nta laini tabaka moja, kwa sababu nta huondoka. Usipake vanishi. Vanishi hufungia unyevu na kutu chini yake, huleta mng'aro usio wa asili, na kuitoa ni kutoa rangi pamoja nayo. Mafuta ya kitani nayo hupendwa na wengi, ila hunata, hukusanya vumbi na kugeuka njano. Kama gari lilishapakwa, litaje. Na vitambaa vilivyolowa mafuta hayo visirundikwe, kwani hupata joto vyenyewe na kuwaka moto. Vitandaze nje vikauke.

Namba na makaratasi

Tafuta namba ya chesisi mahali pote inapopatikana: kwenye bamba lililopigwa ribiti, na iliyogongwa kwenye fremu kama ipo. Linganisha na hati ya umiliki herufi kwa herufi. Mfumo wa herufi na tarakimu 17 ulianza kutumika kwa magari ya modeli ya 1981. Gari la zamani zaidi lina namba fupi, na fomu za leo wakati mwingine huikataa, kwa hiyo ulizia mamlaka ya usajili mapema.

Jambo linalowaangusha wengi ni hati iliyoandikwa kwa namba ya injini. Zamani maeneo mengine yalisajili hivyo. Injini ikibadilishwa baadaye, gari halilingani tena na karatasi zake, na mnunuzi makini ataondoka. Rekebisha hili kabla ya kutangaza, hata kama litachukua miezi. Usiling'oe bamba la namba kwa sababu yoyote, wala usilisugue. Likiwa halisomeki, weka karatasi nyembamba juu yake na upake penseli ya risasi, namba hujichora.

Kusanya risiti zote kwenye faili moja kwa tarehe. Picha za kazi ikiendelea zina nguvu kuliko risiti: sakafu iliyokatwa, bati jipya limeshikizwa, uchomeleaji kabla ya kupakwa rangi. Pale ambapo hakuna risiti wala picha, andika tu kwamba kazi ilifanyika na haina kumbukumbu.

Masanduku ya vipuri

Gari lililoishia njiani huwa na masanduku. Ukiyaacha yamefungwa, mnunuzi huyahesabu kuwa sifuri. Yamwage yote, tenga mafungu manne: vya asili vilivyotolewa, vipya visivyofungwa, vya ziada, na visivyo vya gari hili kabisa. Hili la mwisho liondoe. Bolti na nati ziwekwe kwenye mifuko midogo yenye lebo ya mahali zilipotoka. Kabureta ya asili, dinamo iliyobadilishwa kwa alteneta, kioo cha taa cha zamani, kitasa kilichovunjika: vyote vinabaki na gari, kwa kuwa vinamwezesha mnunuzi kulirudisha lilivyokuwa. Kisha andika orodha ya vinavyokosekana. Hiyo ndiyo orodha itakayosomwa kwa makini kuliko zote.

Kupanga bei

Tafuta bei zilizolipwa, siyo zinazoombwa. Minada mingi ya mtandaoni huacha matokeo wazi. Chukua magari sita au zaidi ya modeli hiyo, yanayokaribiana miaka, na uyapange kwa hali: yasiyowaka, yanayotembea yakiwa na patina, yaliyokamilika. Usijilinganishe na lililokamilika halafu ukatoa kidogo. Anza na linalotembea lenye patina nzuri, kisha toa gharama ya kazi iliyobaki kwa bei ya karakana, siyo kwa bei ya wewe kujifanyia. Mwisho toa kitu kwa ajili ya yasiyojulikana.

Kwa mfano, gari linalotembea tuliite 100. Kwako kumebaki nyaya za umeme 9, sakafu upande wa abiria 6, kiti 5, tairi 5. Hapo ni 75. Mnunuzi atatoa tena 10 hadi 15 kwa hofu ya asichokiona. Kila karatasi ya vipimo, kila picha ya chini ya gari, hupunguza hiyo 15. Hapo ndipo unapopata pesa yako, siyo kwenye kuupandisha ule 100. Ulichotumia wewe hakiingii kwenye hesabu, na ni vyema kulikubali hilo kabla ya mteja wa kwanza hajapiga simu.

Picha na video

Piga picha 80 au zaidi, asubuhi au jioni, au siku ya mawingu mepesi. Jua la utosini huunguza rangi iliyopauka ikaonekana nyeupe. Gari liwe kavu: maji hulikoleza rangi na mnunuzi akifika ataona tofauti. Shusha kamera usawa wa taa za mbele.

Zungukia gari kwa hatua nane, kisha kila paneli peke yake, kisha undani: pembe za kebini, vizingiti, sakafu mkeka ukiwa umenyanyuliwa, mbao za bodi ya mizigo na vyuma vinavyozibana, fremu kutoka mbele hadi nyuma pande zote mbili. Weka rula kando ya kila tundu na kila bonde. Piga na uchomeleaji uliofanywa, hata kama si mzuri.

Video ni tatu, bila kukatwa. Ya kwanza ni kuwasha injini ikiwa baridi: anza kwa kuweka kiganja juu ya hedi kuonyesha haijapashwa, washa, kisha nenda nyuma kwenye sailensa. Moshi wa bluu sekunde chache za mwanzo kisha ukaisha mara nyingi ni sili za vali. Ukiendelea ni ringi. Mweupe usiokwisha wenye harufu tamu ni maji ya rejeta yanayoingia ndani. Ya pili, kuendesha dakika tano kwa gia zote na kufunga breki. Ya tatu, kuzunguka gari na sumaku mkononi, polepole, pamoja na pale isiposhika.

Tangazo

Andika kwa mpangilio anaoufikiria mnunuzi: ni gari gani, rangi na bati vikoje, kilichofanyika, kilichobaki, kibaya, karatasi, vipuri, bei. Epuka "halina kutu" na "linahitaji marekebisho madogo", maneno yaliyomchosha kila mtu. Sehemu ya kati inaweza kusomeka hivi:

"Chevrolet 3100 ya 1951, silinda 6, lita 3.5, gia 3, umeme wa volti 6. Rangi ya kijani ni ya kiwandani isipokuwa fenda ya mbele kushoto, iliyopakwa zamani (mikroni 310 hadi 350). Kivuli cha maandishi kipo mlango wa kulia. Pembe zote mbili za kebini zimekatwa na kuchomelewa bati jipya, picha zipo. Sakafu ya abiria ina matundu mawili, kubwa sentimita 7. Breki zote mpya, pamoja na mabomba. Mgandamizo: 118, 115, 120, 112, 116, 98. Nyaya za taa za nyuma hazijafungwa. Tairi ni za kusukumia tu."

Zingatia ile 98. Mteja anayejua atapiga hesabu na kuona ni asilimia 82 ya ya juu, atatulia, na atakuamini kwa mengine yote.

Mteja akija

Mkutane mchana, na uwe na mtu mwingine. Usipashe injini kabla hajafika. Mzoefu hugusa boneti kwanza. Mwachie sumaku, tochi na kitanda cha kulalia chini ya gari, kisha nyamaza. Akitaka kuja na fundi, mkaribishe.

Kabla hajaendesha, ona leseni yake na hakikisha bima inamhusu. Endesha wewe kwanza, umwonyeshe pedali inavyokwenda, gia ambazo hazina sinkronaiza (kifaa kinachofanya gia iingie bila kukwaruza), na umbali ambao gari linahitaji ili lisimame. Anayetoka kwenye gari la kisasa hukanyaga breki za ngoma akiwa amechelewa.

Akitaja bei ya chini, muulize ameona nini. Akikuonyesha kitu ambacho hukukiandika, punguza kwa haki. Akitaja kilichomo kwenye tangazo, mwambie kimeshahesabiwa.

Fedha na kukabidhi

Arubuni iandikiwe karatasi: kiasi, tarehe ya mwisho, na kama inarudishwa au hairudishwi. Malipo yathibitishwe kwenye akaunti yako, ukiwasiliana na benki mwenyewe kwa namba unayoijua, siyo kwa ujumbe au picha ya skrini aliyokutumia. Anayekutumia pesa zaidi ya bei akaomba urudishe tofauti kwa "wakala wa usafiri" ni tapeli, bila kujali sababu anayotoa. Hali kadhalika anayenunua bila swali hata moja na kukuelekeza kwenye tovuti ya kushikilia malipo usiyoijua.

Mkataba uwe nakala mbili zilizosainiwa: majina, tarehe na saa, namba ya chesisi na ya injini, mileji inayosomeka, bei, maneno kwamba gari linauzwa lilivyo, orodha ya kasoro na orodha ya vipuri kama kiambatisho. Saa ni muhimu. Gari likipata ajali jioni ile, inajulikana lilikuwa la nani. Peleka taarifa ya uhamisho wa umiliki wewe mwenyewe, usimwachie mnunuzi, ndipo usitishe bima.

Kama tairi ni kuukuu au taa hazijakamilika, gari lisiondoke kwa magurudumu yake. Lipakiwe kwenye trela, lifungwe kwa mikanda minne kwenye ekseli au fremu, kamwe siyo kwenye bampa. Zima njia ya mafuta kama kuna koki, tenganisha betri, bana boneti na milango isifunguke kwa upepo. Mnunuzi akitaka kulifunika turubai kwa safari, mkatalie kwa upole na umweleze sababu: turubai linalopigwa na upepo kwa saa kadhaa husugua kama msasa, na pale paa na boneti vilipobakiwa na tabaka jembamba la rangi atakuta bati tupu akifika.